Mshipi Usiokatika: Kazi ya Ngozi na Mikanda Katika Vikundi Vyetu

(Hotuba hii ilitolewa na mfanyakazi wa maendeleo ya jamii katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia vya parokia. Tunaichapa karibu kama ilivyosemwa, kwa sababu vikundi vingi viliomba nakala.)





Nimeombwa kuzungumza juu ya kazi ya ngozi na mikanda ya kufumwa. Yaani mishipi, mikoba, mikanda ya viondo, mikanda ya mabegi ya shule, kamba za kubebea mizigo. Vitu vya kila siku. Sikuja na karatasi nyingi. Nimekuja na vitu viwili ndani ya mfuko huu, na nitavitoa kimoja kimoja.

Cha kwanza ni hiki. Akina mama wa umri wangu na kupita wanakijua hata kabla sijakitaja. Ni mukwa. Ni ukanda wa ngozi ambao mama huweka juu ya paji la uso au utosini, na mzigo wa kuni au mtungi wa maji ukakaa mgongoni. Huu ulikuwa wa mama yake mwenyekiti wa kikundi kimoja cha huku kwetu. Umebeba kuni, maji, viazi na majani ya ng'ombe. Umenyeshewa na umekaushwa na moshi wa jikoni. Mwenyewe alishazikwa zamani. Mukwa bado upo. Upitisheni, kila mtu auvute kwa nguvu zake. Vijana pia. Msiogope, hautakatika.

Cha pili ni hiki. Ni mkanda wa begi la shule. Uliuzwa ukiwa mpya, na ukakatika kabla muhula haujaisha. Huu nao upitisheni, lakini polepole, maana unavunjika kama chapati kavu.

Mukwa ulitengenezwa na wazee ambao hawakwenda shule. Mkanda wa begi ulitengenezwa na kikundi chenye katiba, akaunti ya benki na mshauri mwenye diploma. Mshauri huyo ni mimi. Ndiyo maana naona si haki nije hapa kuwafundisha kabla sijawaambia yaliyotupata.

Yaliyotupata

Ilikuwa mwaka 2014. Kikundi hicho kilikuwa na wanachama 18, wengi akina mama. Walikuwa wamejifunza kutengeneza ngozi za mbuzi kwa magome ya miwati, na walikuwa wanauza mikoba michache sokoni. Kazi yao ilikuwa nzuri, ila ilikwenda polepole. Mimi niliona upole huo ni uvivu kidogo. Mnisamehe, lakini hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Shule moja ikaleta oda ya mabegi 60, yenye mikanda ya ngozi ya ng'ombe, yawe tayari kwa wiki tano. Mwenyekiti aliniambia, "Mwalimu, ngozi ya ng'ombe haiivi kwa wiki tano." Nami nikamjibu kwamba Mungu amefungua mlango na si vizuri kuufunga. Nikawasaidia kujaza fomu za mkopo. Mimi nilishika kalenda, wao walishika ngozi, na kalenda ikashinda.

Ili kuharakisha, tulitia ngozi moja kwa moja katika maji ya magome makali sana. Ikatoka nyekundu, inang'aa, inapendeza. Tukakata, tukashona, tukapeleka. Siku ya kupeleka tulipiga picha.

Mvua ilipoanza, mikanda ikavimba na kunuka. Jua lilipotoka, ikakauka ikawa kama ubao, halafu ikaanza kuvunjika pale inapokunjwa. Mtoto mmoja mkanda ulikatika akiwa anavuka kijito, vitabu vyote vikaenda na maji. Mwalimu mkuu alirudisha mabegi 41 ndani ya magunia. Hakutukana mtu. Aliyashusha tu pale mlangoni, akasema, "Wazazi ndio walilipa."

Mkopo ulikuwa bado. Wanachama wawili waliacha kikundi. Mama mmoja aliyekuwa mdhamini aliuza mtamba wake ili jina lake lisiharibike. Mtamba ule ulikuwa ndio karo ya mtoto wake.

Mwenyekiti ndiye aliyetuonyesha kosa. Alichukua kisu, akakata mkanda mmoja katikati tukaangalia ukingo wake. Nje ulikuwa mwekundu kama chai, lakini katikati kulikuwa na mstari mweupe. Ule mstari mweupe ulikuwa ngozi mbichi. Tulikuwa tumeuzia watoto nyama. Kisha akatoa mukwa wa mama yake, akakata kipande kidogo cha ncha. Ulikuwa wa rangi moja kutoka upande huu hadi upande ule. Yale niliyojifunza siku ile ndiyo nataka kuwapa leo.

Ngozi huanza na ng'ombe

Ngozi nzuri haianzi kwa fundi. Inaanza kwa mwenye ng'ombe. Kupe huacha matundu. Waya wa ua huacha mikwaruzo. Alama ya chuma cha moto ikichomwa ubavuni au pajani, sehemu bora ya ngozi imeharibika milele. Kama ni lazima kutia alama, tieni shavuni au chini ya goti.

Halafu kuna mchinjaji. Kisu chenye ncha kali hukatakata ngozi upande wa ndani. Huoni kitu mpaka siku mshipi unapovutwa ukakatika palepale. Ongeeni na mchinjaji wenu. Atumie kisu chenye ncha ya mviringo, na pale inapowezekana aachanishe ngozi na nyama kwa ngumi. Mwongezeeni shilingi chache kwa ngozi isiyo na mikato. Mtazirudisha.

Hapa nina onyo, na naomba mlisikilize vizuri. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akiwa anatoka damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, msimchune. Huo unaweza kuwa ni ugonjwa wa kimeta. Unaua watu, na vijidudu vyake hukaa ndani ya ngozi na udongoni miaka mingi. Msile, msichune, msiguse, mwiteni afisa wa mifugo. Hakuna mshipi wenye thamani ya mtu mmoja.

Ngozi ikishachunwa, msiitandaze chini juani. Juu itakauka haraka na ndani itaoza. Kama mtaitengeneza baadaye, itieni chumvi upande wa nyama, karibu kilo 1 ya chumvi kwa kila kilo 3 za ngozi, au iwambeni kwenye fremu ya miti kivulini, penye hewa. Watu wa Pwani wana methali yao, ngozi ivute ili maji, maana yake ivute ingali mbichi. Wao huisema juu ya malezi ya watoto, lakini sisi tunaweza kuichukua vilevile ilivyo.

Chokaa, maji na subira

Kwanza, loweka ngozi katika maji safi siku moja au mbili, hadi ilainike na chumvi itoke. Ikiwa ilikaushwa inaweza kuhitaji zaidi.

Pili, itie katika maji ya chokaa. Kwa ngozi ya kilo 10, maji lita 30 na chokaa kilo 1. Igeuze kila siku. Baada ya wiki moja hadi siku kumi nywele zitatoka ukisukuma kwa kidole. Ya mbuzi huwa mapema zaidi. Chokaa inachoma. Vaeni glavu na mabuti, na watoto wasicheze karibu na pipa.

Tatu, ilaze juu ya gogo la mviringo, kwangua nywele upande mmoja na mabaki ya nyama na mafuta upande wa pili, kwa kisu butu chenye mishikio miwili.

Nne, toa chokaa. Hapa vikundi vingi vinaruka, na hapa ndipo ngozi inapoharibika. Osha kwa maji mengi, mara nyingi, kisha iache siku moja au mbili katika maji ya pumba zilizochachuka. Finya kwa kidole gumba: alama ikibaki, chokaa imetoka na ngozi imelainika. Chokaa ikibaki ndani, magome yataifanya ngozi iwe nyeusi na ngumu.

Tano, magome. Miwati ni mti wa kutoka Australia, lakini umekaa huku milimani muda mrefu hata una majina ya kwetu. Gome lake likiwa kavu, karibu theluthi moja ya uzito wake, au kuzidi kidogo, ni tanini, ile dawa inayokausha ulimi ukitafuna gome. Tanini ndiyo inayoshika nyuzi za ngozi na kuzizuia zisioze. Katakata gome, loweka siku kadhaa katika maji ya moto yasiyochemka.

Sasa hapa ndipo kosa letu la 2014 lilipokuwa. Maji makali yakikutana na ngozi siku ya kwanza, yanaivisha uso wake na kuufunga. Dawa haipiti tena kwenda ndani. Ni kama kuchoma nyama kwa moto mkali: nje imeungua, ndani damu. Anzeni na maji mepesi, hata yale yaliyokwisha kutumika. Kila baada ya siku chache ongezeni ukali. Koroga kila siku. Ngozi ya mbuzi huchukua wiki mbili hadi nne. Ya ng'ombe, miezi miwili, mitatu, minne, kulingana na unene. Kalenda haina nguvu hapa. Kisu ndicho kinachosema: kata ukingo mahali palipo panene, uangalie katikati. Ukiona mstari mweupe, rudisha ngozi majini.

Msitumie pipa la chuma. Chuma na tanini vikikutana, ngozi inapata madoa meusi. Pipa la plastiki latosha.

Mwisho, suuza, kamua, paka mafuta ya samaki au mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa ngozi ikiwa bado na unyevu, na ikauke polepole kivulini huku mkiinyoosha.

Kuna wanaouliza, "Na ile ya buluu ya viwandani?" Hiyo imetengenezwa kwa dawa ya kromu. Inachukua siku chache tu, lakini si dawa ya kuchezea nyumbani, wala maji yake si ya kumwagwa shambani. Waachieni wenye mitambo ya kusafisha maji. Hata maji yetu ya chokaa yasiende mtoni wala karibu na kisima. Chimbeni shimo mbali, na kabla ya kuanza muulizeni afisa wa afya wa eneo lenu na watu wa NEMA wanataka nini. Nywele na magome yaliyotumika huoza yakawa mbolea.

Na harufu? Ni kweli, kazi hii inanuka. Kuna kina mama wamechekwa sokoni. Lakini mnakumbuka katika Matendo ya Mitume, Petro alipokuwa Yafa alikaa nyumbani kwa nani? Kwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi, nyumba yake kando ya bahari. Nadhani ilikuwa kando ya bahari kwa sababu hiyohiyo ya harufu. Petro hakukataa kulala huko.

Kukata na kushona

Ngozi ya ng'ombe si sawa kila mahali. Ya mgongoni ni nene na haivutiki sana. Ya tumboni ni laini na inavutika. Basi mishipi na mikanda ya kubeba uzito hukatwa mgongoni, kwa urefu, sambamba na uti wa mgongo. Tumboni mtapata vipochi, viraka na vitu vidogo. Kikundi kinachokata mshipi tumboni ili kupata mishipi mingi kitaona mishipi hiyo ikirefuka kila wiki, mpaka mwenyewe atoboe tundu la sita kwa msumari, halafu la saba.

Mshipi wa kazi uwe na unene wa karibu milimita 4. Pimeni kuanzia pale ngozi inapokunjwa kwenye bizimu, yaani kile chuma cha mbele, hadi tundu la katikati. Hapo ndipo kiuno cha mteja kinapopaswa kufika. Matundu yawe matano, inchi moja moja, ili akinenepa au akikonda mshipi uwe bado wake. Ncha ya tundu iwe ya mviringo, maana tundu lenye pembe ndilo huanza kuraruka. Kingo zisugulieni kwa maji na kipande cha mti laini au mfupa mpaka ziteleze. Si urembo tu. Ukingo uliofungwa hauingizi maji upesi.

Sasa mshono. Cherehani ni nzuri, lakini ina nyuzi mbili, mmoja juu, mmoja chini, na zinashikana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, mwingine hauna cha kushika, mshono unafumuka. Mshono wa mkono wa mafundi wa zamani ni mwingine. Uzi ni mmoja, una sindano mbili, moja kila ncha. Unatoboa tundu kwa msharasi, unapitisha sindano ya kulia, halafu ya kushoto katika tundu lilelile, unavuta pande zote mbili sawasawa. Uzi ukikatika mahali pamoja, ule mwingine unaopita tundu hilohilo bado umeshika. Uzi upakeni nta ya nyuki. Wenye mizinga hapa, hiyo nta mnayotupa ni mali.

Mkanda wa kiondo nao una siri yake. Ukishona ngozi juu ya kiondo upande wa nje pekee, uzito wote unakaa kwenye nyuzi chache za mkonge, nazo zitakatika. Wekeni kipande cha ngozi nje na kingine ndani, kiondo kikiwa katikati kama mkate na siagi, kisha mshone mraba wenye msalaba ndani yake. Mzigo unagawanyika. Ukienda Kariokor, Nairobi, ambako viondo na kandambili za ngozi vinauzwa kwa wingi, usitazame shanga kwanza. Tazama pale mkanda unaposhikana na kiondo. Hapo utajua fundi ni nani.

Mikanda ya mkonge na pamba

Si kila mkanda lazima uwe ngozi. Vikundi vya pande za ukame, ambako miwati haikui, vina mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni kama miwati. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliuleta Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani, na baadaye ukavuka kuja kwetu. Leo kina mama wa Ukambani wanausokota kana kwamba uliumbwa kwao.

Mkanda wa mkonge una nguvu sana ukiwa mkavu, lakini ukikaa na maji muda mrefu unaoza, na unawasha begani. Basi utumieni kwa mkoba wa soko na kiondo, na sehemu inayogusa bega ishonewe ngozi. Mkanda wa pamba ni laini kwa bega, lakini hurudi ukifuliwa. Uloweke na kuukausha kabla ya kukata, la sivyo begi litakaa upande. Mkanda wa nailoni haurudi wala hauozi upesi, na ncha zake huunguzwa kwa moto zisifumuke. Ila jua kali huula polepole, na ukingo mkali wa chuma huukata.

Msione haya kuchanganya. Mgongo wa ngozi, mkanda wa pamba, mwili wa turubai. Kila kitu kiwekwe pale kinapofaa, na mteja aambiwe ni nini. Usimwambie "ngozi halisi" kumbe ni karatasi ya plastiki iliyopigwa chapa ya ngozi. Ataijua tu. Itaanza kubanduka kama ganda la kitunguu.

Soko na bei

Mtu ataniuliza, mbona tusumbuke, na mitumba imejaa? Ni kweli. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, viatu na mikoba ya nje iliingia kwa wingi, na viwanda kadhaa vya ngozi hapa Kenya vikafungwa. Ngozi zetu nyingi zimekuwa zikitoka nje zikiwa mbichi au nusu, zile za buluu, na faida ya kuzimalizia inabaki huko. Serikali iliunda baraza la maendeleo ya ngozi mwaka 2011, na KIRDI ina mafundi wa ngozi wanaofundisha. Waendeeni. Lakini baraza halitashona mshipi wako.

Pia, tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku, kila mtu anayekwenda sokoni anahitaji mkoba. Wengi wananunua ule mwepesi unaopasuka. Nafasi yetu ni kuuza ule usiopasuka.

Lakini muuze kwa bei ya kweli. Tuchukue mfano, kila kikundi kiweke hesabu zake. Tuseme ngozi, chumvi, chokaa, magome na mafuta vimegharimu shilingi 1,800, na mmepata mishipi 12. Kila mshipi, 150. Bizimu, 60. Uzi, nta na ripiti, 20. Hizo ni 230. Kazi ya saa tatu, pamoja na sehemu ya kazi ya kutengeneza ngozi, kwa 60 kila saa, ni 180. Jumla 410. Nauli na ushuru wa soko, 30. Akiba ya visu na sindano, 30. Sasa ni 470. Ukiuza 600, faida ni 130.

Nimekuta kikundi kinauza mshipi kama huo 350 na kinafurahi. Nikauliza kwa nini. "Ngozi ni ya ng'ombe wetu, kazi ni yetu, hatukununua." Jameni! Kila mshipi walipoteza 120, na hawakujua kwa sababu waliyelipa hasara ni mgongo wao wenyewe. Kazi ya mama si bure. Iandikeni kwenye daftari.

Na wekeni ahadi: kitu chetu kikifumuka mshono, tunakishona bure. Mtasema ni hasara. Sikilizeni kilichofuata kwa kile kikundi changu.

Walivyolipa

Baada ya siku ile ya mabegi 41, tulikaa chini ya mti. Wengine walitaka tuseme ni watoto walioyatumia vibaya. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: "Nani hapa anaweza kumtazama mzazi usoni akasema hivyo?" Kukawa kimya.

Tukaenda shuleni, wote pamoja, nami mbele, kwa sababu kosa la haraka lilikuwa langu. Tukaomba msamaha na kuahidi mikanda mipya bila malipo. Kwa muda tuliweka mikanda ya pamba ili watoto wasikose. Ngozi mpya tukaziacha majini mpaka kisu kiseme. Ilichukua miezi saba. Mwenyekiti alikuwa akikata ukingo wa kila kipande na kunionyesha, bila kusema neno. Niliona aibu kila mara, na nadhani ndivyo alivyotaka.

Mwaka uliofuata shule ileile ilileta oda. Haikuwa ya mabegi 60. Ilikuwa mishipi 20. Lakini ililetwa na mwalimu mkuu mwenyewe, kwa miguu yake, na alipoulizwa anataka lini alijibu, "Ikiiva." Mkopo ulikwisha kulipwa baada ya hapo, polepole.

Yule mama aliyeuza mtamba hajarudi kikundini hadi leo. Kikundi kilimrudishia fedha kidogo kidogo, nyingine kwa M-Pesa, hadi zikaisha. Mtoto wake alipoteza muhula mzima, na muhula haurudishwi kwa M-Pesa. Huwa napita kwake. Ananipa chai. Hatuongei juu ya ngozi. Nawaambia hili ili msifikiri kila kosa likitubiwa linafutika lote. Mengine tunayabeba, na ndiyo maana tunahitaji mukwa wenye nguvu.

Neno la mwisho kwa viongozi. Hakikisheni kikundi kimeandikishwa kwa sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022. Msichukue mkopo kwa sababu ya oda moja. Na mshauri kama mimi akija na kalenda yake, mkaribisheni, mpeni chai, halafu mumwonyeshe ukingo wa ngozi.

Sasa naomba mukwa wangu na ule mkanda. Mukwa umerudi mzima? Nilijua. Na ule wa begi, naona umerudi vipande vitatu. Sawa.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ngozi za wanyama wanaochinjwa kijijini mwetu huenda wapi, na nani anafaidika nazo?
2. Je, tumewahi kuuza kitu tukijua hakijaiva? Tulimfanyia nini aliyekinunua?
3. Tukiandika saa zote za kazi yetu, bei yetu ya leo ni faida au ni hasara?
4. Nani kijijini bado anajua kutengeneza mukwa au kushona kwa sindano mbili? Tumtembelee lini kabla ujuzi wake haujazikwa naye?